Mita Elfu

Ushirika ulinituma Bolzano
kujifunza kupunguza matawi ya mzabibu,
mimi Ndahani wa Hombolo,
mwenye ekari mbili na deni la dawa ya ukungu.
Wiki tatu. Mkasi wenye mpini mwekundu
waliniambia niondoke nao.

Mjini nilisalimia.
Nilimsalimia muuza mkate, nikamsalimia mfagiaji,
na mama mmoja aliyesimama na mbwa aliyevaa sweta.
Salamu zangu zilidondoka kwenye mawe yao yaliyosuguliwa
kama sarafu ya nchi ambayo benki haijaisikia.
Siku ya nne nikanyamaza.
Nikajifunza kutazama viatu.

Jumapili Walburga, mwalimu wetu wa mkasi,
bibi wa miaka sitini mwenye magoti ya mbuzi,
akanipandisha mlimani.
Zabibu zikaisha, yakaanza matofaa,
matofaa yakaisha, ikaanza misonobari,
na njia imepakwa rangi mawe kwa mawe,
nyekundu, nyeupe, nyekundu,
hata mlevi asipotee.
Maji yalishuka yenyewe.
Hapakuwa na foleni. Hapakuwa na ndoo ya mtu.
Nikapiga goti, nikanywa, meno yakaniuma,
na haya ikanishika kidogo
nilipomkumbuka mama na bomba la saa tisa usiku.

Kwenye kona akatokea mzee na fimbo mbili.
"Griskot," akasema.
Nikageuka kuona anasalimiwa nani.
Wakaja wasichana watatu: Griskot.
Akaja baba, kambeba mtoto mgongoni
kama sisi, ila kwa buku la mikanda: Griskot.
Walburga akacheka mpaka akakaa juu ya jiwe.
"Ndivyo tulivyo. Chini kule tunaogopana.
Ukivuka mita elfu, kila mtu ni wa nyumbani."

Basi nikaanza kujibu kwa cha kwetu.
Mbukwenyi!
Mwamba wa ng'ambo ukarudisha, *kwenyi, kwenyi*,
na ng'ombe mmoja wa kijivu, kengele shingoni,
akaacha majani, akainua kichwa
kama aliyeitwa jina.

Ndege. Basi. Stendi ya Nanenane.
Dodoma imenenepa nilipokuwa mbali,
au ni mimi niliyekonda.
Vioo, lami mpya, vijana wa ofisini
na vitambulisho vikiwaning'inia kifuani,
wanapishana kama milango ya duka moja.
Nilimwambia mmoja mbukwa.
Akashika simu yake vizuri.

Nikiwa njiani kwenda Hombolo nikakumbuka
maneno ya mpima ardhi aliyewahi kulala kwetu:
mji huu wote, kuanzia Ihumwa hadi Kizota,
umekaa juu ya mita elfu, na mia ya nyongeza.
Kwa sheria ya Walburga, basi,
hapa hakuna mgeni. Hata katibu mkuu.
Hata yule wa ushuru wa zabibu.
Tulizaliwa juu ya mstari,
hatujui tu kwa sababu hatukupanda.

Alfajiri nikakwea kilima cha nyuma ya shamba.
Miiba. Mawe yasiyo na rangi.
Akawa anashuka Mama Mahungo na mzigo wa kuni,
yule wa kesi ya mpaka,
mwaka wa pili huu hatusemeshani.
Njia nyembamba, lazima mmoja apishe.
Nikafungua kinywa nimpe salamu yetu
likatoka la kule:
"Griskot."

Akasimama. Kuni zikayumba.
"Umesemaje?"
Nikamwambia ni salamu ya watu wa juu.
Akaifikiria, huku anaiweka sawa kata kichwani,
akatazama bonde, akanitazama mimi,
na mkasi mwekundu mfukoni mwangu.
"Haya, mbukwenyi," akasema.
Akanipita. Hatua nne, tano.
Kisha, bila kugeuka:
"Lakini mpaka uko palepale."